Daktari, mbwa wangu kaota uvimbe: majibu ya barua zenu

Barua za mwezi huu karibu zote zina uvimbe ndani yake, wa ubavuni, wa kwenye chuchu, wa sehemu za siri, na mimi nimefurahi kuzipata maana mtu anayemshika mbwa wake mpaka akagusa kitu kidogo chini ya manyoya huyo tayari kamsaidia sana. Nimechagua chache. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu yaliyomo humo nayasikia karibu kila sehemu, kuanzia Tunduma mpaka Ilula.

Shikamoo daktari. Mimi naishi Uyole, Mbeya, nina mbwa dume anaitwa Simba ana kama miaka 8, ni wa kienyeji kachanganya kidogo na wa kizungu, analinda nyumba na banda la kuku. Mwanangu wakati anamwogesha aligusa kitu ubavuni upande wa kushoto, kigumu kidogo, ukubwa wa punje ya harage, sikukijali. Sasa umepita kama mwezi hivi kimefika ukubwa wa ndimu, kuna siku naona kimepungua afu kesho yake kimejaa tena na juu pamekuwa pekundu anapalamba. Anakula vizuri tu na anabweka kama kawaida. Jirani anasema ni jipu nipashe kisu moto nitumbue, mwingine ananiambia nipake oili chafu, na kijana wa duka la dawa za mifugo kashamchoma OTC mara mbili hakuna kilichobadilika. Je hii ni kansa? Na inaweza kuambukiza watoto? maana wanacheza naye sana. Mama K., Uyole.

Marahaba mama. Nianze na watoto maana najua ndo kinachokunyima usingizi. Uvimbe wa mbwa, hata ukiwa kansa, hauhamii kwa binadamu. Waache wacheze naye ila wasiuguse, wasiubonyeze, na wanawe mikono kama kawaida.

Pili, hicho kisu usikiguse kabisa, na oili chafu usimpake. Mbwa anajilamba, kila unachompaka kwenye ngozi kinaishia tumboni mwake, na oili iliyotoka kwenye injini ina vyuma na sumu zinazoumiza ini na figo. Kisu cha moto kinaunguza ngozi ya juu tu, kilichopo chini kinabaki, na sasa mbwa ana kidonda juu ya uvimbe na nzi nao wanakuja. Nimeona mbwa wengi wanaletwa wakiwa na kidonda kikubwa kuliko uvimbe wenyewe ulivyokuwa, na wenye mbwa hao walikuwa wanawapenda kabisa, ni kwamba tu walimsikiliza mtu wa kwanza aliyesema "hilo jipu".

Sasa je ni kansa? Kwa barua siwezi kukuambia, na hata ungemleta Simba hapa nikamshika kwa mikono yangu bado nisingeweza kukuambia kwa uhakika. Hapa ndo naomba wasomaji wote mnisikilize. Uvimbe wa mbwa haujulikani kwa macho wala kwa vidole. Upo wa mafuta tu, mlaini, unateleza ukiusukuma, unawapata sana mbwa wazee na walionenepa, huo mara nyingi hauna neno na mbwa anaishi nao mpaka uzee wake. Upo wa kifuko kilichojaa uchafu wa ngozi mzito kama dawa ya meno. Lipo jipu kweli, ila jipu lina tabia zake, linakuja haraka ndani ya siku mbili tatu, ni la moto, linauma ukigusa, na mara nyingi ukikumbuka vizuri mbwa alipigana au alichomwa na mwiba siku chache nyuma. Kwa mbwa wadogo wa chini ya miaka mitatu kuna kauvimbe kekundu ka duara, hakana manyoya juu, kanatokea sana kichwani au miguuni na mara nyingi kanapotea kenyewe ndani ya miezi miwili mitatu. Na ipo kansa ambayo inaweza kufanana na chochote kati ya hivyo nilivyovitaja. Nimeshawahi kuuchoma sindano uvimbe ambao kila mtu aliyeushika alisema ni mafuta, ikatoka habari nyingine kabisa.

Kwa Simba kuna kitu kimoja kwenye maelezo yako kimenishtua mama, nakwambia wazi ili usichelewe. Huo uvimbe kupungua leo na kujaa kesho, na ule wekundu, na kule kulamba. Kuna kansa ya ngozi ya mbwa inatokana na seli zinaitwa masti, ni moja ya kansa za ngozi zinazoonekana zaidi kwa mbwa. Seli hizi kazi yake ya kawaida ni kubeba kemikali ya histamini, ileile inayokuwasha na kukuvimbisha ukiumwa na nyuki. Zikiwa nyingi sehemu moja, ukizibinya au mbwa akijikuna zinamwaga hiyo histamini, uvimbe unajaa, unawasha, baada ya muda unatulia. Histamini hiyohiyo ikizidi mwilini inachochea asidi tumboni, mbwa anatapika au anapata choo cheusi kama lami, na hicho ni dalili ya kuvuja damu ndani. Kwahiyo usiubonyezebonyeze kila asubuhi kuangalia kama umekua. Sijasema Simba ana hiyo kansa, nasema huo uvimbe ni wa kupimwa wiki hii na siyo baada ya mavuno.

Kupimwa kwenyewe ni kitu kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Daktari anachukua sindano nyembamba ya kawaida, anaichoma ndani ya uvimbe, anavuta kidogo kwa bomba, anachokipata anakimwaga juu ya kioo cha maabara, anakitandaza, anakiacha kikauke kwa hewa, anapaka rangi na kukiangalia kwa hadubini. Hakuna nusu kaputi, hakuna nyuzi, mbwa wengi wanashtuka tu kama kwenye chanjo. Ikiwa mafuta yataonekana mafuta, ikiwa usaha zitaonekana chembe za usaha na pengine bakteria wenyewe, na zile seli za masti zina punje za zambarau ndani yake zinajitambulisha mapema kabisa. Wakati mwingine sindano haitoshi, inabidi kukata kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze, lakini sindano ndo mlango wa kuanzia.

Wapi? Anza na afisa mifugo wa kata yako, akuunganishe na daktari wa mifugo wa halmashauri au kliniki ya wanyama hapo mjini. Muulize swali moja kabla hujapanda bajaji na mbwa, kwamba ana hadubini ya kuangalia sampuli mwenyewe au anatuma? Kama anatuma, sisi wa nyanda za juu kusini tuna bahati, Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina kituo Iringa, na mbele zaidi kwa barabara hiyohiyo kuna chuo kikuu cha SUA Morogoro ambako wanafundishwa madaktari wa mifugo na wana hospitali ya wanyama. Vioo vikishakauka vinasafiri vizuri tu, vifungwe visivunjike, visiwekwe kwenye friji, na visikae boksi moja na chupa ya fomalini kwasababu mvuke wake unaharibu seli kabla hata hazijapakwa rangi. Hili hata baadhi ya wataalam wanalisahau, na hapo sampuli ndo imeharibika mbwa akachomwe tena.

Kuhusu yule kijana wa dukani. OTC ni antibayotiki, kirefu chake oksitetrasaiklini, na inapambana na bakteria tu. Kama kilichopo ndani siyo bakteria, hata akimchoma mara kumi uvimbe utabaki palepale, afu siku mbwa akipata maambukizi ya kweli dawa inaweza isifanye kazi. Ila kinachonitia hofu zaidi ni hatua inayofuata pale dukani, mara nyingi wanasema basi tumpige deksamethasoni. Tafadhali kataa. Dawa hiyo ya jamii ya steroidi inaweza kuusinyaza uvimbe wa masti na wa tezi kwa muda mfupi, mwenye mbwa anafurahi, baada ya wiki kadhaa unarudi, na sasa hata hadubini inapata shida kusoma kilichopo. Na usimpe dawa za maumivu za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na mbwa mwenye ule uvimbe niliokuambia tumbo lake tayari lina asidi nyingi, kwahiyo ni hatari juu ya hatari.

Mpaka utakapofika kwa daktari fanya hivi. Chukua rula upime, andika kwenye simu tarehe na ukubwa na uko sehemu gani ya mwili, piga picha ukiweka sarafu ya shilingi 200 pembeni ili ukubwa uonekane. Watu wengi wanasema "tuangalie kwanza" lakini hawaandiki, baada ya wiki tatu hakuna anayekumbuka ulikuwaje, mmoja anasema umekua mwingine anasema ni uleule. Kanuni ninayoitumia mimi na madaktari wengi wanaoshughulika na kansa za wanyama ni kwamba uvimbe wenye sentimita 1 au zaidi na umekaa mwezi mmoja unachomwa sindano, hata kama mbwa anaruka na kucheza. Ukikua haraka, ukitoa damu, ukibadilika rangi au ukishikana na nyama ya chini ukawa hausogei, huo mwezi usiungoje.

Afu mpapase tezi zake, chini ya taya, mbele ya bega, nyuma ya goti, pande zote mbili. Kama zimevimba kwa pamoja kama mtoki uliotapakaa mwili mzima hiyo ni habari tofauti, inaweza kuwa ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe au kansa ya tezi zenyewe, na daktari anatakiwa aambiwe mapema achukue na damu. Angalia na fizi zake, ziwe za pinki. Zikiwa nyeupe, au akitapika, au choo kikawa cheusi, usingoje kesho.

Siku ya kumpeleka mfunge mdomo kwa kitambaa laini, hata kama ni mpole. Mbwa anayeumwa anaweza kumng'ata hata anayempa chakula. Ila akiwa anatapika au anahema kwa shida usimfunge. Beba na kadi yake ya chanjo ya kichaa.

Ikitokea kweli ni kansa ya masti, mama, usione kama ndo mwisho. Nyingi zinapona kwa oparesheni kama zimekatwa mapema na zimekatwa kwa upana, daktari anachukua na ngozi nzima ya pembeni kama sentimita 2 kila upande na tabaka la chini yake, kwasababu mizizi yake inaenda mbali kuliko unavyouona uvimbe. Ndo maana ile mara ya kwanza ya kukata ni muhimu sana, akikata mtu asiyejua anakata nini anatoa kinachoonekana anaacha mizizi, na mara ya pili kazi inakuwa kubwa zaidi na ngozi ya kuziba haitoshi. Kwahiyo upimwe kwanza kwa sindano, ndo akatwe. Na kilichokatwa nacho kiende maabara kisitupwe, ili ijulikane ni kikali kiasi gani na kama kimetoka chote. Usione haya kuuliza bei hatua kwa hatua, sindano bei gani, oparesheni bei gani, nyuzi zikitolewa bei gani. Daktari mzuri atakuambia na mtapanga.

Habari daktari. Niko Mafinga kwenye kambi ya wapasua mbao. Tuna mbwa wetu dume anadondosha damu kwenye uume wiki kadhaa sasa, tulipomfunua tukaona kinyama kimechanua kama koliflawa kinavuja damu. Wazee wa hapa wanasema ni gono ya mbwa, wengine wanasema ni ukimwi wa mbwa. Msimamizi anataka tumuue eti atatuambukiza. Tunampenda sana huyu mbwa maana usiku ndo anatulindia mashine. Fundi wa msumeno, Mafinga.

Habari nzuri kaka. Msimuue, tena mwonyeshe msimamizi hii barua. Mnachokieleza kinafanana sana na uvimbe wa zinaa wa mbwa, madaktari wanauita kwa kifupi TVT, na katika kansa zote ninazozijua kwa mbwa huu ni kati ya ile inayotii dawa kuliko zote.

Siyo gono na siyo ukimwi. Hapa hakuna kirusi wala bakteria, kinachoambukizwa ni seli za kansa zenyewe zikiwa hai, zinatoka kwa mbwa mmoja zinajishikiza kwa mwingine wakati wa kupandana, au wakilambana na kunusana. Wanasayansi walipopima vinasaba vyake wakakuta vinyama hivi dunia nzima vimetokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, yule mbwa alishakufa lakini seli za kansa yake zimeendelea kurithishana kwa mbwa mpaka leo ziko Mafinga. Binadamu hazimwingii. Zinatokea sana sehemu zenye mbwa wanaozurura wenyewe, na kwenye makambi na masoko ni kawaida.

Kwanza athibitishwe. Daktari anagandamiza kioo juu ya kile kinyama, anapaka rangi, anaona seli za duara zenye matundu madogo meupe ndani yake. Ikiwa ndiyo, dawa inaitwa vinkristini, inachomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, mbwa wengi wanapona ndani ya wiki 4 mpaka 6 wengine wanaenda mpaka 8. Damu inaweza kupungua hata baada ya sindano ya kwanza au ya pili, hapo msije mkasema kapona mkaacha, malizeni mpaka daktari aseme hakuna kilichobaki. Kukata tu bila dawa mara nyingi kinaota tena.

Hii dawa lakini siyo ya kumpa mtu yeyote achome. Ni dawa ya kansa, ileile inayotumika kwa binadamu, ikimwagika nje ya mshipa inaozesha nyama ya mguu, na inashusha chembe nyeupe za damu kwahiyo daktari anapima damu kabla ya kuendelea na dozi. Siku chache baada ya sindano anayesafisha mkojo na kinyesi chake avae glavu, na mama mjamzito au anayenyonyesha asifanye hiyo kazi kabisa. Wakati wa matibabu afungwe asizurure, akipona ahasiwe. Na mbwa jike wa hapo kambini wakaguliwe wote, jike akidondosha damu watu wanasema yuko joto tu, yaani anataka dume, ila damu ya joto inaisha ndani ya wiki mbili tatu, ikiendelea mwezi wa pili mfunueni muangalie. Kama kuna mbwa anapiga chafya ya damu au pua imevimba upande mmoja mpelekeni naye, kinaota hata puani kwasababu ya kunusana.

Daktari habari za kazi. Nina jike wangu hapa Njombe ana miaka 9, kazaa mara nyingi. Nimegusa vinundu viwili kwenye chuchu za nyuma kabisa, vigumu kama changarawe. Hana maumivu. Mume wangu anasema ashakuwa mzee tumwache tu oparesheni itamuua. Nifanyeje? Msomaji, Njombe.

Njema dada. Mpe pole mzee, hofu yake naielewa, ila umri siyo ugonjwa. Mbwa wa miaka 9 ambaye moyo na figo zake ziko sawa anapewa nusu kaputi na anaamka. Kinachomuua ni kungoja.

Uvimbe wa matiti ndo unaowapata zaidi mbwa jike ambao hawajafungwa kizazi, na chuchu za nyuma ndo zinazopata zaidi kwasababu zina tishu nyingi ya maziwa. Karibu nusu yake ni kansa na nusu nyingine siyo, na kwa mkono huwezi kuzitofautisha. Ila ukubwa una maana kubwa, uvimbe ukitolewa ukiwa chini ya sentimita 3 matumaini ni makubwa kuliko ule ulioachwa mpaka ukapasuka na kunuka. Vyako bado changarawe dada, yaani huu ndo wakati wenyewe. Kabla ya kukata daktari ataomba picha ya kifua kama eksirei inapatikana maana hii kansa ikisambaa inapenda mapafu, na atapapasa chuchu zote, siyo hizo mbili tu.

Kama alikuwa joto miezi miwili iliyopita mwambie daktari pia. Kuna mbwa wanapata mimba ya uongo, matiti yanajaa na hata maziwa yanatoka, na hilo linapita lenyewe. Na kama anaponyonyesha titi linakuwa la moto, jekundu, anakataa watoto, hayo ni maambukizi na yanataka dawa siku hiyohiyo. Changarawe isiyouma kwa mbwa wa miaka 9 haifanani na hayo.

Kwa wenye mbwa jike wadogo nyumbani, wafungeni kizazi mapema. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1969 ulikuta jike aliyefungwa kabla ya joto la kwanza hatari yake ya uvimbe wa matiti ilikuwa asilimia 0.5 tu ya ile ya mbwa ambaye hajafungwa, baada ya joto moja ikapanda 8, baada ya mawili 26. Watafiti wa baadaye wamebishana kuhusu ukubwa wa hizo namba, lakini mimi katika kazi sijaacha kuwashauri watu hivyo, na inapunguza pia watoto wa mbwa wanaotupwa pale stendi.

Kamwene daktari. Mtoto wa mbwa wangu miezi 3 kachanjwa kichaa wiki iliyopita, sasa begani pale alipochomwa pana kauvimbe kagumu. Chanjo ilikuwa mbovu? Kihesa, Iringa.

Kamwene. Hapana, chanjo haikuwa mbovu, huo ni mwili wake unapambana na dawa palepale ilipochomwa. Kwa kawaida kanasinyaa ndani ya wiki chache. Usikakande wala usikatumbue. Kakiendelea kukua baada ya mwezi, au kakiwepo bado baada ya miezi mitatu, kachomwe sindano ya kupima. Na mwakani mrudishe achanjwe tena, usimkatishe chanjo ya kichaa kwasababu ya hiki, maana kichaa kikishaonyesha dalili hakina dawa, iwe kwa mbwa iwe kwa mtu.

Daktari naandika kutoka Kyela. Watoto wa mbwa wangu wana vijipu vingi tumboni na kwenye mapaja, kila kimoja kina katundu kadogo juu na nikiangalia sana naona kama kuna kitu kinacheza ndani. Mama yangu kasema ni uchawi wa jirani. Ndaga fijo.

Ndaga na wewe. Mwambie mama kwa heshima zote kwamba jirani hana kosa, humo ndani kuna funza. Siyo yule wa kwenye vidole vya miguu, huyu ni mtoto wa inzi. Inzi jike anataga mayai kwenye mchanga au udongo wa kivulini wenye harufu ya mkojo na kinyesi, au kwenye nguo mbichi iliyoanikwa, mayai yanaanguliwa, kadudu kanangoja mwili wa joto ulale hapo, kanatoboa ngozi na kuingia. Anakaa ndani kama siku 8 mpaka 12 akinenepa, lile tundu ndo pua yake. Mbwa wanampata sana kwasababu wanalala chini, na joto la huko Kyela linampenda kuliko baridi ya Mbeya mjini au Makete.

Paka vaselini nzito juu ya kila tundu, funika kabisa, subiri nusu saa au zaidi. Akikosa hewa anajitokeza, hapo unakandamiza taratibu kutoka pembeni kwa vidole viwili ukiwa na glavu mpaka atoke mzima. Akikataa usilazimishe, paka tena ungoje, maana akipasukia ndani panavimba na kuoza. Wakishatoka osha kwa maji ya chumvi au dawa ya vidonda, na watoto wa mbwa wakiwa wadogo sana na funza ni wengi wapeleke kwa bwana mifugo, wanaweza kuishiwa nguvu na kufa. Usiwapige dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukadiria, kipimo chake kwa mtoto wa mbwa ni sumu.

Afu hamisha wanapolala, fagia huo mchanga wote, weka mbao au gunia kavu unaloanika juani kila siku. Na kwasababu inzi huyo hachagui, nguo za ndani ya nyumba zianikwe juani zikauke kabisa na zipigwe pasi yenye moto pande zote, hasa nepi na nguo za watoto, na wewe mwenyewe jiangalie mgongoni na kiunoni kama kuna kijipu kinachowasha chenye tundu.